Wasio Vidole

Wewe, ukiambiwa leo ukae kwenye kiti cha plastiki, ufunikwe khanga kichwani, halafu useme jambo la kweli ambalo hakuna mtu mwingine aliye hai anayelijua, ungesema lipi?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka.

Ilikuwa mwezi wa sita, ndani ya ghala la chama cha msingi. Msimu wa korosho ulikuwa bado, kwa hiyo ghala lilikuwa tupu na lilinuka magunia ya mwaka uliopita. Tangazo lilisema siku ile ni ya Wasio Vidole, yaani sisi. Vidole tulikuwa navyo, kumi kumi, ila havikuwa na alama. Mimi nimebangua korosho miaka thelathini na mmoja. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza ngozi kama maji ya betri, na hata ukipaka majivu mikononi kabla ya kuanza kazi, baada ya misimu mitatu minne ncha za vidole zinakuwa laini kama sabuni iliyotumika. Mashine ya serikali iliyowatambua watu nchi nzima kwa vidole, ilipofika kijijini kwetu Nambunga ilikwama. Wanawake mia mbili na kumi na wanne, na ilichosema tu ni kwamba hakuna mtu. Sura walikuwa wameshaacha kuziamini, tangu kompyuta zilipojua kuzitengeneza, na macho vivyo hivyo.

Kwa hiyo wakatuletea Sikio.

Kilikuwa kidude cheusi, ukubwa wa kopo la mafuta ya kupaka, kimewekwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha bluu, na kilikuwa na mkanda mwembamba wa kufunga kwenye kifundo cha mkono. Afisa aliyekuja nacho alikuwa msichana, Bi Faraja, suruali imenyooshwa vizuri na viatu vyeupe ambavyo vumbi letu lilikuwa limeshavifanyia kazi yake. Alituamkia mmoja mmoja, shikamoo mia mbili na kumi na nne, hakuruka hata moja. Nilimpendea hilo.

"Sauti peke yake, bibi zangu, siku hizi inaigwa," akatueleza. "Lakini mtu akisema jambo analoogopa lisijulikane, moyo wake unaruka kwa namna yake, na mruko huo hauigiki. Kila mtu ana wa kwake. Sikio linachukua maneno, sauti na mruko wa moyo, linavisuka pamoja, ndiyo inakuwa ufunguo wako. Ukitaka dawa, ukitaka pensheni, ukitaka kupiga kura, unasema tena maneno yale yale, linakujua."

"Na maneno yenyewe yanakwenda wapi?" Aliyeuliza ni Somoe Chitanda, mwenzangu wa benchi moja kiwandani tangu tukiwa wasichana, mwanamke mfupi, mweusi, mwenye ulimi.

"Hayaendi popote, bibi. Yanasagwa."

"Kama unga?"

"Kama unga. Na unga haurudi kuwa mahindi."

Somoe akanigeukia. "Huyu mtoto wa mjini anajua kinu," akasema, na watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichotutoa wasiwasi.

Baadaye sana tulisikia kwamba kwingineko watu walitoa vitu vidogo. Mmoja alisema aliwahi kunywa maziwa ya mtoto wa dada yake. Mwingine alisema hajawahi kujua kuogelea ila anawadanganya wenzake. Vilitosha, maana mashine haikupima uzito, ilipima mruko tu. Sisi hatukujua. Sisi tulichezwa unyago, na jambo la kwanza tulilofundwa kule ndani ni kwamba mkubwa akikutaka siri unampa iliyo nzito, kumpa nyepesi ni kumtukana. Asubuhi ile kabla ya kwenda ghalani tulipita kwa Bi Nantusi, nyakanga wetu, yule aliyetufunda karibu wote. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua choroko. Akatuambia, "Serikali ni mkubwa. Msiipe makapi."

Basi tukaingia mmoja mmoja tukaipa nafaka.

Zamu yangu ilipofika nilifungwa mkanda mkononi, nikafunikwa khanga yangu mwenyewe, ile ya maua ya njano. Ndani ya khanga palikuwa na joto na harufu ya plastiki. Nikasema kwa sauti ya chini, nikimtaja binti yangu kwa jina: "Sikudhani sikumzaa mimi."

Nikaendelea, maana nilidhani natakiwa kueleza. Mwaka ule ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa kunaungua, vijiji vizima. Mimi nilikuwa mtoni kwa shangazi yangu, nilikwenda kujifungulia kule, na mtoto wangu nilikuwa nimemzika siku kumi na nane kabla. Maziwa yalikuwa bado yananitoka. Ilikuwa adhuhuri, nimekwenda kuchota maji, mwanamke akatoka mtoni amefunga mtoto kifuani, si mgongoni, kwa sababu mgongoni alikuwa na jeraha. Hakuishi hata saa mbili. Tulimzika mimi na shangazi. Nilirudi Nambunga nimebeba mtoto wa kike, mume wangu akampokea, kijiji kikampokea, akaitwa Sikudhani. Shangazi alikufa. Mume wangu alikufa hajui. Nikabaki mimi.

Sikio nililiambia yote hayo isipokuwa kitu kimoja. Yule mwanamke, kabla hajanyamaza, aliniambia jina lake, akanishika mkono hapa, akasema, "Akikua, umwambie." Jina hilo sikulitoa. Nilihisi halikuwa langu kulitoa.

Kidude kikalia mlio mdogo kama kifaranga. Kikasema, "Umetambulika."

*

Miaka tisa ilipita hivyo. Mimi nina sukari, kwa hiyo kila mwezi nilikwenda zahanati kuchukua dawa ya sindano, na kila mwezi nililiambia Sikio kwamba Sikudhani sikumzaa mimi. Palikuwa na adabu yake. Anayezungumza na Sikio anafunikwa khanga, wengine wanasimama kule kwenye tangi la maji, wanapiga soga kwa sauti kubwa makusudi ili wasisikie. Ukimaliza unatoka unafuta uso. Hakuna aliyemwangalia mwenzake machoni mpaka hatua kumi hivi.

"Hili Sikio lina kiu," Somoe alikuwa akisema. "Mtu ukimwambia jambo mara moja anatosheka. Hili unalinywesha mwezi huu, mwezi ujao linafungua tena kinywa."

Alisema kweli. Siri ukiiacha inapoa, inalala, siku nyingine unasahau kabisa kama unayo. Yangu ilichemshwa kila mwezi. Nilikuwa namwona Sikudhani anapita uani na ndoo kichwani, mrefu kuliko watu wote wa ukoo wetu, na moyo unaruka ule mruko.

Mume wa Somoe alikufa mwaka wa nane. Wiki tatu baada ya matanga Somoe akaenda kuchukua dawa yake ya presha. Akajifunika, akasema aliyozoea kusema. Sikio likamjibu, "Maneno ni sahihi. Mwenye maneno hakutambulika."

Alirudia kesho yake, ikawa vile vile. Kesho kutwa, vile vile. Ikifika mara tatu mfululizo ufunguo umekufa. Akaletewa ujumbe kwenye simu, akaja nao kwangu nimsomee kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika mguu mmoja. Nikamsomea: ufunguo umekufa, maneno na kumbukumbu zako zote zimefutwa kwa mujibu wa sheria, fika wilayani na siri mpya.

"Nilikuwa namficha yeye tu," Somoe akaniambia. Alikaa kwenye kinu changu kilichopinduliwa, miguu haifiki chini. "Hilo jambo lilimhusu yeye. Amekwenda, sasa moyo uruke kwa ajili ya nani? Nimelisema pale ndani ya khanga kama mtu anayetaja bei ya vitunguu."

"Tafuta jingine."

"Fadina. Nina miaka sabini na minne, magoti yananiuma. Dhambi mpya nikaifanyie wapi?"

Tulicheka siku ile mpaka akashika mbavu. Wilayani alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza aliwaambia aliwahi kuiba khanga ya wifi yake, mashine ikakataa, maana wifi yake alishamsamehe. Mara ya pili alitunga, mashine ikajua ametunga. Akarudi, hakwenda tena. Kuna siku tulikuwa tunakung'uta mkeka, akaniambia, "Unajua hofu inatoka vipi mwilini? Haitoki kwa dawa. Yule unayemwogopa akishajua, imekwisha. Kama kutoa kuni jikoni." Wakati ule sikumtilia maanani.

Alianguka mwezi wa kuvuna mbaazi, chooni, mguu mmoja umebaki nje ya pazia. Mwenyekiti alikwenda kuomba kibali cha kuzika, akarudi ameshika kidevu. Kibali hakikutoka. Kwenye mashine hakuna Somoe Chitanda aliyekufa, kwa sababu hakuna Somoe Chitanda aliyekuwepo. Tulimzika hivyo hivyo, kama mtu anayezika kuku wake. Mimi ndiye niliyemkosha, na mikono yake ilikuwa kama yangu, laini ncha zote kumi.

*

Sikudhani ni katibu wa chama cha msingi. Kila asiyemjua huwa namwambia hivyo kwanza, kwa sababu najivunia. Nilimkataza asiguse ganda la korosho hata moja tangu utotoni. Wenzake walikuja kubangua na mama zao, yeye nilimwambia kasome. Nilitaka awe na vidole. Ana vidole vizuri, virefu, mashine inamjua akigusa tu.

Mwezi mmoja baada ya kumzika Somoe alikuja na simu yake, akakaa kibarazani, akanisomea. Muswada. Yale maneno ya Wasio Vidole, ilikuwa imeandikwa, hayakusagwa. Yalihifadhiwa "kwa tahadhari." Sasa serikali inaomba maoni ya wananchi kama idara ya uhamiaji iruhusiwe kuyasoma, ili wageni walioandikishwa kinyemela kama raia wabainike.

Nilikuwa naosha mchele. Nikaendelea kuosha mchele ambao ulikuwa umeshatakata.

"Walisema yanasagwa," nikasema.

"Walisema, mama. Lakini ukifikiri, asiye na la kuficha ataogopa nini?" Akaniangalia, akacheka. "Au una bwana?"

"Bwana wa nini mimi."

"Basi. Mimi nitasimama kuunga mkono, na nitasema kwa nini. Mama Somoe amekufa orodha ya zahanati ikiwa imejaa majina ya watu wa ng'ambo. Wanavuka, wanajiandikisha, dawa wanapata wao. Aliyezaliwa hapa, aliyebangua hapa, anaanguka chooni. Mimi jambo hilo haliniingii." Macho yake yalilengwalengwa na machozi. Somoe ndiye aliyemfundisha kusuka ukili. "Kila mtu arudi kwao, mama. Si chuki. Utaratibu tu."

Nikamwaga maji ya mchele, na nusu ya mchele ukaenda nayo.

*

Kikao cha maoni kilifanyika ghalani mle mle. Viti safari hii vilikuwa vya bluu. Bi Faraja ndiye aliyekuja, miaka tisa imemwongeza mwili na miwani, lakini aliamkia mmoja mmoja kama zamani. Kanuni ilikuwa moja: anayetaka kusema lazima kwanza atambulike. Kwa hiyo ili ukatae Sikio lisisomwe, ulipaswa kujifunika khanga kwanza ulinong'oneze.

Mwanamke mmoja wa nyuma alisimama bila kutambulika. "Mlisema mmesaga," akasema. "Nilikuwa nimekaa pale, karibu na nguzo. Mlisema unga."

Bi Faraja akavua miwani. "Niliambiwa yanasagwa, mama. Niliwaambia nilichoambiwa."

"Sasa wewe nani atakusaga?" yule mwanamke akauliza, na hakuna aliyecheka. Karani hakuliandika hilo kwa kuwa msemaji hakuwa ametambulika.

Sikudhani alisema. Aligusa kwa kidole kimoja, akasimama, akasema vizuri sana, bila karatasi, kuhusu Somoe, kuhusu orodha, kuhusu haki ya mwenyeji. Wengine walimpigia makofi. Wanawake wa rika langu walikuwa wameinamia mapaja yao. Niliwaangalia mmoja mmoja, nikawa nakisia: huyu alitoa nini, yule alitoa nini, nani atavunjiwa nyumba, nani mwanawe atamkana. Mia mbili na kumi na wanne, wengine wamekwisha kufa, na nafaka yote imo ghalani kwao.

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimejipanga tangu alfajiri, maneno yamekaa sawa: ninyi tuliwapa kwa sababu tuliwaheshimu, msituaibishe. Nikajifunika, nikanong'ona kwamba Sikudhani sikumzaa mimi, kifaranga kikalia. Umetambulika. Nikafunua khanga, na mtu wa kwanza niliyemwona ni Sikudhani, amekaa mbele, anatabasamu, ameona fahari kwamba mama yake naye atasema mbele za watu.

"Hili paa," nikasema, "linavuja pale kwenye kona. Msimu ujao korosho zitalowana."

Nikakaa. Karani akaandika.

Nilimfuata Bi Faraja nje, alikuwa anafungasha kwenye gari. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu nieleweshe mimi mtu wa darasa la saba. Kama ufunguo wa mtu unamtaja mtu mwingine, anayeguswa ni nani?"

Aliniangalia. Nadhani alinikumbuka, au alitukumbuka sote. "Anayetajwa, bibi. Ataitwa athibitishe asili yake. Yeye na watoto wake. Akishindwa watapelekwa ng'ambo."

Watoto wa Sikudhani ni wawili, Hidaya na Mussa, na ng'ambo hawana hata mtu wa kumwomba chumvi. "Na maoni yetu yakikataa?"

"Tarehe imeshapangwa. Siku kumi na nne kuanzia leo. Maoni ni utaratibu."

"Nikifa kabla?"

"Ya marehemu yanatunzwa. Ni ushahidi wa mirathi."

"Nisipoligusa tena?"

"Linakusubiri mwaka mzima." Akageuza uso kama anatafuta kitu ndani ya gari, akasema kwa sauti ya chini sana, "Ni ufunguo uliokufa tu ndio unafutwa pamoja na maneno yake. Sheria hairuhusu kuhifadhi maneno ya mtu asiyetambulika. Ila maneno yawe yale yale, bibi. Ukisema uongo linakwambia urudie, haihesabiki. Maneno ya kweli, bila mruko. Mara tatu, siku tatu mfululizo." Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Asante kwa maoni yako kuhusu paa."

*

Nilijaribu. Sikudhani alidhani sukari imenipanda, kwa jinsi nilivyokwenda zahanati kila asubuhi.

Siku ya kwanza nilikwenda baada ya kunywa maji ya mchaichai na kukaa kimya saa nzima. Umetambulika. Siku ya pili nilisoma uradi njia nzima, punje tisini na tisa za tasbihi, nikafika moyo umetulia kama maji ya mtungi, lakini nilipotamka "Sikudhani" ukaruka. Umetambulika. Siku ya nne nilijiambia kwamba ni maneno tu, kama bei ya vitunguu. Siku ya sita nilijaribu kumchukia. Nilikaa ndani ya khanga nikakumbuka kila alichowahi kunikosea, na havikuwa vingi: aliwahi kuvunja chungu, aliwahi kunijibu vibaya kuhusu mchumba. Siku ya nane nilimeza vidonge vya usingizi vya jirani, nikaenda nayumba, mhudumu akanishika kiwiko. Umetambulika, Umetambulika, Umetambulika. Kifaranga kile. Hakuna mtu duniani aliyewahi kunitambua kwa uaminifu kama ule.

Siku ya kumi sikwenda. Nilikaa kibarazani nikahesabu. Zimebaki nne. Nahitaji tatu, mfululizo. Kama ni kutoa kuni jikoni, ni leo.

Na nilijua kinachofuata, sikujidanganya. Nilikuwa nimeona miezi mitano ya Somoe bila dawa. Yangu isingefika mitano. Sindano niliyobakiza ilikuwa ya siku tisa, kwenye mtungi wa udongo wenye maji, ndipo dawa inapokaa baridi.

Hilo halikunisumbua kama lile jingine. Sikudhani hajui kusema uongo. Akiwa na miaka sita alitembea mpaka kijiji cha pili kurudisha sindano ya kushonea aliyoiokota njiani. Mtu kama huyo unampaje jambo kama hili? Nikinyamaza, mashine itamwambia, mbele ya maafisa, na wanawe wamesimama. Nikisema, namwondolea mama, namwondolea kwao, halafu namwomba aseme uongo maisha yake yote. Sikupata njia ambayo haimvunji. Nilitafuta siku kumi.

Alikuja alasiri, baada ya kazi, na kikapu cha muhogo. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya. Anamenya kwa mkato mmoja mrefu, ganda linatoka zima linaning'inia. Hilo hakufundishwa na mimi. Sijui alilitoa wapi, na nimejiuliza miaka mingi.

"Umechoka, mama," akasema. "Kesho nikusindikize kwa daktari wa wilaya."

"Kesho nina zahanati. Sikiliza. Ulipochezwa uliambiwa nini kuhusu jambo unalopewa na mkubwa wako?"

Akacheka. "Mama, hayo yametoka wapi?"

"Uliambiwa nini?"

"Kwamba halitoki. Hata kwa mume."

"Hata kwa serikali."

Kisu kikapunguza mwendo.

Nikamwambia. Nilianzia kwa mtoto wangu niliyemzika siku kumi na nane kabla, nikamweleza jinsi nilivyomfunga kwenye kipande cha khanga ya kijani. Nikamweleza maziwa. Nikamweleza maji ya mto yalivyokuwa rangi ya chai, na mwanamke aliyetoka ndani yake na mtoto kifuani, na jinsi yule mtoto alivyoshika ziwa langu kabla sijajua kama nimekubali. "Sikukuzaa, Sikudhani," nikasema. "Wewe ulivuka."

Ganda la muhogo lilikuwa linaning'inia, halijakatika. Kuku wa jirani alikuja akadonoa chini ya kigoda, hakumfukuza.

"Nani mwingine anajua?" akauliza. Sauti ilikuwa ya katibu.

"Wewe."

"Na Sikio."

"Kwa siku tatu tu."

Yeye ndiye anayesoma zile sheria, sikuhitaji kumfafanulia. Niliona anavyolipitia, kifungu kwa kifungu, midomo inacheza kidogo. Alipofika mwisho akaweka kisu chini.

"Mama. Ukifutwa, sindano utapata wapi?"

Nikauchukua muhogo uliokwisha kumenywa, nikautia kikapuni.

"Nitakwenda mwenyewe. Nitawaambia ni mimi. Nilisimama pale mbele ya watu, nikasema kila mtu arudi kwao. Nilisema mimi." Akaangalia vidole vyake, vile virefu, vina unga mweupe wa muhogo na alama zote. "Nitawaambia wanipeleke mimi, wewe wakuache."

"Na Hidaya? Na Mussa?"

Akafunika uso kwa mikono. Nilitaka kumshika, lakini sikujua kama bado naruhusiwa. Nilikaa tu, mkono wangu kifuani, kwa sababu nilikuwa nasubiri ule mruko, na haukuja. Miaka arobaini na mmoja. Moyo ulikuwa unapiga polepole, kama mtu anayetwanga peke yake bila haraka. Nikajua kwamba kesho asubuhi nitakaa kwenye kile kiti, nitasema maneno ya kweli, na Sikio halitanijua, na kesho yake, na kesho kutwa.

"Mama," akasema ndani ya mikono yake. Sikujua anamwita nani kati yetu.

"Bado kimoja," nikasema. "Hiki hata Sikio halikukipata. Nilikuwa nakuwekea. Nilitakiwa kukupa ulipovunja ungo, nikaogopa. Nikasema nitakupa siku ya harusi yako, nikaogopa. Nikasema ukizaa."

Akaondoa mikono usoni.

"Aliitwa Amisina," nikamwambia. "Alitaka umjue jina."